Darubini katika nyuzi tatu: kisa cha klabu ya anga ya shule moja ya Moshi

Kisa hiki kinahusu darubini nzuri iliyokaa muda mrefu chini ya shuka katika stoo ya maabara ya fizikia, na klabu ya wanafunzi iliyokuja kuipenda kuliko kitu kingine chochote pale shuleni. Nimekiandika kwa sababu nimekutana na shule nyingine zenye darubini iliyolala kabatini, na walimu wake wakaniambia kwamba vijana wa siku hizi hawana hamu ya anga. Hamu wanayo. Kinachokosekana mara nyingi ni stendi inayokubaliana na mahali tulipo duniani, na jambo hilo fundi wa mageti analiweza.

Shule yenyewe ni ya bweni, ina kidato cha kwanza hadi cha sita, pembezoni mwa mji wa Moshi. Nilifika pale Julai 2017 kuanza kidato cha tano, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati.

Chombo kilivyofika

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Rujewa, wilayani Mbarali, watu waliona pete kamili ya moto ikiuzunguka mwezi. Sisi wa kaskazini tuliona jua lililomegwa upande mmoja. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilizungumza habari za anga. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza Watanzania mambo ya nyota magazetini, alisikika kila mahali. Baada ya msisimko huo mwalimu wetu wa fizikia aliandika barua za maombi, na wahisani kutoka Ulaya wakaitikia. Walileta darubini ya kioo chenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa fokasi wa mita 1.2, wakaongeza fedha kidogo za kuijengea nyumba.

Nyumba ile naiona hadi leo. Ilikuwa chumba cha matofali, kuta zinafika kifuani, sakafu ya zege, na juu paa la mabati lililokaa kwenye reli. Fundi aliyelitengeneza hakuwahi kuona nyumba ya darubini maishani mwake, lakini alikuwa amefunga mageti ya kusukuma nusu ya mtaa. Akachukua magurudumu yale yale ya geti na reli ile ile ya chuma, akaongeza ndoano nne za kulishika paa upepo usilinyanyue. Wanafunzi wawili walitosha kulifungua. Mngurumo wa paa lile likirudi nyuma ulisikika hadi bwenini, na mtu akiusikia tu alijua usiku huo kuna kazi.

Kaskazini ulisimama mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, inakula nyuzi (digrii) kama tisa za anga ukiwa pale tulipokuwa. Kusini ardhi inateremka taratibu hadi tambarare ya miwa ya Arusha Chini. Eneo hilo ni zuri kwa kutazama nyota kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa Aprili au Mei, mawingu ya masika yakiachia, unaweza kusimama mlangoni ukauona Msalaba wa Kusini upande mmoja, na ukigeuka tu unamwona Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, amejilaza juu ya Kibo. Mtu wa London hauoni Msalaba kamwe, na mtu wa Cape Town humpata Dubu Mkubwa vipande vipande kwenye upeo wa macho. Sisi tunavipata vyote viwili bila kusogeza mguu.

Palipokwama

Darubini ilikuja na stendi ya aina inayofuata nyota. Stendi hiyo ina mhimili mmoja unaotakiwa kulingana na mhimili wa dunia. Ukishaulenga kwenye ncha ya anga, ile nukta ya angani ambayo mhimili wa dunia unaielekea, dunia inapozunguka unaizungusha darubini kwenye mhimili huo mmoja tu, na nyota haitoki machoni. Ncha ya anga huwa juu ya upeo kwa nyuzi zile zile za latitudo yako. Mjini Berlin ni nyuzi 52 na nusu. Moshi ipo nyuzi 3 na dakika 20 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha yetu ni ya kusini, na ipo nyuzi tatu na kidogo tu juu ya tambarare.

Stendi iliyoletwa ilikuwa na kipimo kinachoanzia nyuzi 20. Haikushuka chini ya hapo. Tulipofungua skrubu na kuulazimisha mhimili ulale, uzito wa kusawazisha uligonga mguu wa stendi kabla darubini haijafika inakotakiwa. Kijidarubini chake cha kutafutia ncha kilitengenezwa kwa ajili ya nyota ya kaskazini, Polaris, ambayo kwetu ipo chini ya upeo, nyuma ya mlima na nyuma ya mzingo wa dunia yenyewe. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Ikiwa nyuzi tatu juu ya upeo, ndani ya vumbi na ukungu, hakuna jicho litakaloiona.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiisukume darubini kwa mkono tu. Tulifanya hivyo, na hapo ndipo klabu ilipokuwa inakufa. Anga linatembea nyuzi 15 kwa saa. Ukitumia lenzi ya jichoni ya milimita 10, darubini ile inakuza mara 120, na sayari ya Zohali inavuka uwanja mzima wa kuonea katika muda usiofika dakika mbili. Ijumaa ya wazi, kidato cha kwanza wamepanga foleni hadi kwenye mwembe. Wa kwanza anaona pete, anapiga kelele. Wa pili anaiona ikiwa pembeni. Wa tatu anainama, anatazama, anainuka anasema, “Kaka, mimi sioni kitu.” Unaitafuta upya, unamtikisia darubini, anaona giza. Watoto wa namna hiyo hawarudi Ijumaa inayofuata, na sioni sababu ya kuwalaumu. Waliahidiwa Zohali, wakaoneshwa shimo jeusi la bomba.

Kufikia Oktoba 2017 darubini ilikuwa imerudi stoo, na nyumba ilikuwa inatunza mipira ya wavu.

Njia zilizokuwepo

Mwalimu aliitisha kikao cha waliobaki. Hatukuwa wengi.

Wazo la kwanza lilikuwa kumpelekea fundi ile stendi aikate na kuichomelea upya. Lilikataliwa haraka, na kwa haki: chombo cha msaada kikikatwa na kisifanye kazi, hakuna barua nyingine ya maombi ingejibiwa.

Wazo la pili lilikuwa sanduku la mbao la mtindo wa John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco aliyezitoa darubini barabarani ili kila mpita njia atazame. Sanduku linazunguka kushoto na kulia, na bomba linapanda na kushuka. Ni rahisi na imara, seremala yeyote wa Kiboriloni analitengeneza. Mimi nililipenda, na bado nawashauri shule zenye fedha kidogo waanzie hapo. Lakini kwetu lina ugumu usiozungumzwa sana. Karibu na ikweta, sayari zinapita juu kabisa, jirani na utosi, na hapo ndipo sanduku la Dobson linapata shida: bomba likisimama wima, kusogea kidogo tu kwa sayari kunadai uzungushe sanduku lote robo duara. Zile saa ambazo sayari ipo juu na picha yake imetulia ndizo saa ambazo sanduku linakataa kumfuata mtazamaji. Na foleni ya mwembeni ingebaki na tatizo lile lile.

Wazo la tatu lilitoka kwa dada mmoja wa darasa letu. Mwalimu alikuwa amechora ubaoni dunia, mhimili, na sisi tukiwa kamstari kadogo pembeni. Dada akauliza kwa nini tunahangaika kuusimamisha mhimili ilhali mchoro unaonesha kwamba kwetu mhimili umelala. Tuulaze basi.

Ukiulaza, kila kitu kinakuwa chepesi. Unahitaji nguzo mbili, moja kusini na moja kaskazini, na katikati yake fremu ya chuma inayozunguka. Bomba la darubini linakaa ndani ya fremu na linageuka kama ndafu juu ya moto. Stendi za namna hii zipo tangu zamani. Darubini ya Hooker pale Mount Wilson, California, yenye kioo cha mita 2.5 na iliyoanza kazi mwaka 1917, imeshikwa ndani ya fremu kati ya nguzo mbili, na ndiyo Edwin Hubble aliyoitumia kuonesha kwamba kuna magalaksi mengine nje ya letu. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kutazama sehemu ya anga iliyo karibu na ncha ya kaskazini, kwa sababu nguzo na fremu vinaziba. Kule California hiyo ni hasara kubwa. Moshi ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, ndani ya vumbi. Hatupotezi kitu.

Ilivyotengenezwa

Kwanza tulihitaji mstari wa kweli wa kusini na kaskazini. Januari 2018, shule ilipofunguliwa, tulisimamisha fimbo katikati ya sakafu tukachora duara kuizunguka. Asubuhi ncha ya kivuli ilipogusa duara tuliweka alama. Alasiri ilipoligusa tena tukaweka nyingine. Mstari kutoka kwenye fimbo unaopita katikati ya alama hizo mbili ndio kaskazini. Hapo pia wengi tuligundua kwamba adhuhuri ya jua kwetu haiangukii saa sita kamili. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na Moshi ipo kama nyuzi 37, kwa hiyo jua linafika juu kabisa kama nusu saa baadaye.

Nguzo zilimwagwa zege, zikiwa zimeachana mita mbili. Kwa kuwa ncha ya kusini ipo nyuzi tatu na theluthi juu ya upeo, nguzo ya kusini ilizidi ile ya kaskazini kwa sentimita 12 hivi. Fundi wa mageti aliitwa tena. Alikuja na pima maji yake, akasikiliza, akauliza mara mbili kama kweli tunataka kitu kisiwe sawa, halafu akakifanya kwa usahihi ambao sijaona tena. Fremu ilikuwa ya bomba la mraba, beringi za gari kila upande. Ukiisukuma kwa kidole, inaenda na kusimama ulipoiacha.

Kilichobaki ni cha kuizungusha. Hatukuwa na mota, na umeme wa pale ulikatika ulivyotaka. Mwalimu akapiga hesabu: fimbo ya thredi ya milimita 10 inayouzwa hadiwea yoyote inasogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Ukiifunga kwenye mkono uliotoka kwenye mhimili kwa umbali wa sentimita 34 na milimita tatu, mzunguko mmoja kwa dakika unaipeleka darubini sawasawa na nyota. Tukaifunga hivyo, na mpini wa duara mwishoni.

Kwa hiyo kila kikao kilikuwa na mzungushaji. Alikaa kwenye kigoda, tochi yenye karatasi nyekundu mapajani, saa ya mkononi mbele yake, na aligeuza mpini robo kila sekunde 15. Kila baada ya nusu saa fimbo ilirudishwa nyuma na nyota kutafutwa upya. Nafasi ile iligombewa. Ilikuwa kazi ya mtoto wa kidato cha kwanza asiyejua hata jina la Zohali, na bado bila yeye hakuna aliyeona kitu. Mtu akitoka kwenye lenzi alimwambia mzungushaji “asante”, na hiyo ikawa desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Nadhani hapo ndipo klabu ilipookoka. Klabu nyingi za wanafunzi zina fundi mmoja na watazamaji thelathini. Yetu ilikuwa na kazi kwa kila mkono.

Mlima na ratiba

Mchana jua linapasha miteremko ya Kilimanjaro, hewa yenye unyevu inapanda na kugeuka mawingu. Usiku mteremko unapoa, hewa inashuka, mawingu yanakatika. Jioni mapema ndio wakati mbaya, na ndio wakati pekee ambao shule ilituruhusu, kati ya chakula na prep. Daftari la klabu lilipoonesha Ijumaa baada ya Ijumaa zenye neno “mawingu”, mwalimu alikwenda nalo kwa mkuu wa shule. Tukapewa alfajiri: saa kumi na moja hadi kengele ya mchakamchaka. Matroni alikuwa akituamsha yeye mwenyewe, na asubuhi nyingi alibaki kutazama.

Alfajiri zile ndizo ninazozikumbuka kwa mapenzi makubwa zaidi. Baridi ya mlima, sweta juu ya sweta, chai ya rangi kwenye chupa ya mwalimu. Kundi la nyota la Nge likiwa juu. Omega Centauri, ambayo kwa macho ni doa la ukungu, ndani ya darubini inapasuka kuwa maelfu ya nyota ndogo hadi mtu anasahau kupumua.

Mlinzi wetu, mzee wa Kimasai, alikuwa wa kwanza kutuambia tuangalie kundi la nyota la Kilimia, kwamba kikipotea mvua zinakaribia mwisho. Methali ya Kiswahili tuliijua: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tukaamua kuipima. Mwaka 2018 kiliingia kwenye mwanga wa machweo mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa imeshika. Juni shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wanachama walitazama alfajiri wakiwa makwao, Same, Rombo, Karatu, na kutuma ujumbe. Kilirudi katikati ya Juni. Wa Same alikuwa wa kwanza, na anga lake lilikuwa kavu kabisa.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018

Ilikuwa Ijumaa. Kupatwa kwa mwezi kwa usiku ule ndiko kurefu kuliko kote kwa karne hii: dakika 103 za kufunikwa kabisa, kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita na dakika 13 usiku. Shule nzima ilipewa ruhusa.

Tulianza machweo. Zuhura ilikuwa magharibi, Mshtarii na Zohali juu, Mirihi inachomoza mashariki pamoja na mwezi. Sayari nne kwa jioni moja, na kila mwanafunzi aliyepanga foleni aliona pete za Zohali, ambazo mwaka ule zilikuwa bado zimetufungukia karibu kikamilifu. Wazungushaji walipokezana. Hakuna aliyekuta giza.

Mirihi ilikuwa ng’avu kuliko nyota zote, lakini ndani ya darubini ilikuwa tufe la rangi ya chungwa lisilo na alama yoyote. Wadogo walihuzunika. Mwalimu akawaeleza kwamba wanachokiona ni tufani ya vumbi iliyofunika sayari nzima, ile ile iliyokinyamazisha tangu Juni chombo cha Opportunity kilichokuwa kikiichunguza Mirihi. Huzuni ikageuka maswali, na maswali yakatufikisha usiku wa manane.

Mwezi ulipoanza kuliwa, mlima ulikuwa wazi na barafu ya Kibo inang’aa. Kadiri kivuli kilivyosogea, mng’ao ule ulififia hadi Kibo ikatoweka kabisa, na nyota zikajitokeza kwa maelfu mahali palipokuwa na mbalamwezi. Watoto mia kadhaa wakanyamaza bila kuambiwa. Kisha wasichana wa kwaya wakaanza kuimba.

Kilichodumu, na kilichotaka kuiua

Adui wa klabu ya wanafunzi ni mtihani wa mwisho. Kidato cha sita wanaondoka Mei, cha nne Novemba, na ujuzi unaondoka nao. Tulichokifanya ni kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuongoza kikao bila mdogo wa vidato viwili chini pembeni yake. Na daftari liliandikwa kila usiku, hata wa mawingu. Kioo kilioshwa kwa maji safi ya kuongezea betri, yale yasiyo na tindikali, na maelezo ya kukiosha yaliandikwa kwa mkono nyuma ya daftari, pamoja na onyo la kutokifuta kwa kitambaa.

Mengine hayakwenda vizuri. Bweni jipya lilijengwa mashariki, na taa yake ya ulinzi inameza anga la upande ule. Ukungu wa kuvu umeshika pembe ya kioo kidogo. Beringi ya kusini imebadilishwa.

Septemba 7, 2025, mwezi ulipofunikwa tena kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku, nilikuwepo. Kidato cha nne waliobaki kambini kwa ajili ya mtihani walikuwa wamelifungua paa. Walinionesha Zohali, ambayo pete zake mwaka huo zilikuwa zimetugeukia ubavu na kuwa kama uzi mwembamba, na mimi nikawaeleza zilivyokuwa pana mwaka ule wa 2018. Hawakuamini hadi walipofungua daftari wakakuta mchoro. Kijana mmoja alikuwa na mpango wa kufunga mota ndogo mahali pa mpini. Nilimwambia aifunge upande wa pili wa mkono, ili mpini ubaki palepale, kwa usiku ambao umeme hautakuwepo na kwa mtoto wa kidato cha kwanza atakayehitaji pa kukaa. Alikubali, akaniomba nimshikie tochi apime nafasi ya kutoboa.